Hachibaki au minivani? Pima nafasi na siti hivi kabla hujatoa hela

Wengi tukienda kuangalia gari ya familia tunakosea sehemu moja, tunasimama nje tunahesabu siti, hii inabeba watano ile inabeba saba, basi ile ndo kubwa, tunalipa. Mimi nilijifunza kwa magoti yangu mwenyewe. Kuna siku nilipanda minivani ya jamaa yangu safari ya masaa sita, na kwa vile mimi ndo nilikuwa mdogo kwenye kundi nikapelekwa siti za nyuma kabisa, aisee, tulipofika nilishuka nimeshikwa mkono, njia nzima magoti yalikuwa karibu na kidevu na miguu imekufa ganzi. Na ile gari ilikuwa ya watu saba kabisa, saba tuliingia kweli, ila wawili tuliteseka.

Toka hapo mtu akiniuliza ipi ina nafasi kati ya hachibaki, yani zile gari ndogo ambazo mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu pamoja na kioo chake, na minivani zile ndefu za safu tatu, namwambia nenda kakae humo ndani. Ila kuna namna ya kukaa. Kitu cha kupima ni nafasi inayobaki kila mtu akiwa kwenye siti yake NA mizigo ikiwa ndani, vyote kwa wakati mmoja, maana kwenye gari kila sentimita unayompa mmoja umemnyang'anya mwingine. Twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Andika watu wako kabla hujaona gari yoyote

Kaa chini uandike nani anapanda kila siku, nani anapanda mara moja moja. Mrefu kuliko wote ana urefu gani, nani ana shida ya magoti au mgongo, mtoto gani anakaa kwenye kiti cha mtoto, na mzigo mkubwa mnaobeba mara kwa mara ni upi, kigari cha mtoto, mabegi ya shule, magunia, chochote kile. Tenganisha ya kila siku na yale ya mara mbili kwa mwaka. Watu wananunua safu tatu kwa ajili ya safari mbili za mwaka halafu siku zingine zote 363 wanaendesha siti tupu, na wapo wengine wanabanana kila asubuhi kwenye hachibaki kwa sababu gari walichagua peke yao bila wale wanaokaa nyuma.

Hatua ya 2: Nenda na vitu vyako na watu wako

Beba tepu ya kupimia, kiti cha mtoto, kigari chake, na lile begi lenu kubwa kuliko yote. Mchukue na yule mrefu, na kama kuna mzee nyumbani naye aje. Muuzaji anaweza kukushangaa, mwache ashangae, we ndo utakaa na hiyo gari miaka.

Hatua ya 3: Kaa nyuma yako mwenyewe

Hii ndo hatua ninayoiamini kuliko zote. Kaa siti ya dereva, ipange kama unavyoendesha kweli, mguu ukikanyaga breki mpaka mwisho goti libaki limekunja kidogo, mgongo umeegemea. Usiiguse tena. Shuka, zunguka, kaa siti iliyo nyuma yake moja kwa moja. Hapo ndo unajua ukweli, maana namba za nafasi ya miguu zinazoandikwa kwenye karatasi za gari zinategemea siti ya mbele iliwekwa wapi wakati wa kupima, ukiisogeza nyuma kidogo tu ile namba nzuri ya nyuma haipo tena.

Ukishakaa, weka ngumi kati ya goti lako na mgongo wa siti ya mbele. Ngumi ikipita vizuri, sawa. Ikipita viganja viwili hiyo ni raha kabisa. Kama goti linagusa, basi dereva wa urefu wako na abiria wa urefu wako hawawezi kukaa upande mmoja kwenye hiyo gari, habari imeishia hapo, usijidanganye eti mtazoea. Halafu angalia nyayo. Je zinaingia chini ya siti ya mbele? Watu wanaisahau hii, lakini mguu ukiweza kujinyoosha chini ya siti hata gari fupi inakuwa afadhali. Kwenye hachibaki nyingi siti ya dereva ina leva ya kupandisha na kushusha, ikishushwa mpaka chini nyayo za wa nyuma zinagonga chuma, kwa hiyo jaribu na leva ikiwa pale unapoiweka wewe.

Minivani hapa ina ujanja wake. Safu ya kati mara nyingi inatembea kwenye reli, na muuzaji atakuwa ameisukuma nyuma mpaka mwisho, ukikaa unanyoosha miguu kama uko sebuleni. Ndo maana nasema usisimamie hapo. Irudishe mbele mpaka kati ya goti lako na siti ya mbele ibaki ngumi moja tu, hiyo ndo siti ya kati ya kweli siku gari ikijaa. Kinachobaki nyuma ndo cha safu ya tatu.

Hatua ya 4: Safu ya tatu, kaa dakika 20 sio 2

Ingia nyuma kabisa, safu ya kati ikiwa pale ulipoiacha. Cha kwanza chukua tepu pima kutoka sakafuni mpaka juu ya siti pale mbele ambapo paja linaishia. Kiti cha kawaida cha mezani kina kama sentimita 45. Siti ya gari haihitaji kufika huko, lakini ukikuta ina 28 au 30 jua magoti yatapanda juu, mapaja hayataegemea chochote na uzito wote utashukia makalio, nusu saa tu unaanza kujigeuza geuza. Ndicho kilichonikuta mimi. Sio kwamba watengenezaji hawajui, ni kwamba siti ya nyuma kabisa inatakiwa ikunjike ipotee, kwa hiyo inafanywa nyembamba, na chini yake kuna ekseli, yani chuma kinachobeba matairi ya nyuma, na vyuma vingine vinavyoinua sakafu, sasa sakafu ikipanda na siti ikiwa nyembamba, mtu anakaa kama amechuchumaa.

Pima na kichwa. Kaa wima, kiganja kipite kati ya kichwa na dari. Halafu angalia kioo cha nyuma kiko umbali gani na kisogo chako, kwenye minivani fupi unakuta kiko karibu sana. Egemeo la kichwa livute juu uone kama linafika usawa wa masikio, likiishia shingoni halimsaidii mtu gari ikigongwa nyuma. Mkanda je, ni wa begani au wa kiunoni tu? Kuna tundu la AC huku nyuma au hewa inaishia kwa wa kati? Dirisha linafunguka? Mara nyingi la safu ya tatu halifunguki kabisa, sasa bila tundu la hewa mtoto anayetapika kwenye safari utamweka wapi. Na uliza mifuko ya hewa ya pembeni (airbag, ile inayofumuka gari ikigongwa) inafika mpaka safu hiyo au inaishia ya kati, usikubali jibu la "ipo" tu, mwambie akuonyeshe kwenye kitabu cha gari.

Sio zote mbaya jamani. Kuna minivani kubwa ambazo safu ya tatu mtu mzima anakaa safari nzima bila kulalamika, hasa zile ndefu zenye sakafu ya chini. Kuna ndogo kama Toyota Sienta ambazo safu ya tatu imetengenezwa ijikunje na kuzama chini ya safu ya kati, akili nyingi sana imetumika pale, ila siti inayoweza kuzama hivo haiwezi kuwa nene, kwa hiyo ichukulie ni ya watoto na safari fupi utaishi nayo vizuri.

Hatua ya 5: Mabega

Hapa wengi wanashangaa. Honda Fit iliyotoka 2013 ina upana wa milimita 1,695. Toyota Noah ya kawaida iliyotoka 2014, ile gari kubwa unayoiona, nayo upana wake ni milimita 1,695. Ni sawa sawa! Sababu ni kwamba Japani gari ikizidi mita 1.7 kwa upana au mita 4.7 kwa urefu wa kutoka mbele mpaka nyuma inahamia daraja lingine la usajili, kwa hiyo wanazibana zisipite hapo. Noah imeizidi Fit sentimita 74 kwa kwenda nyuma na sentimita 30 kwenda juu, nafasi yote iliyoongezeka iko huko, mabegani hamna kitu cha maana.

Kwa hiyo shida yako ikiwa ni watu wazima watatu kubanana siti moja, minivani kama hiyo haikutibu kwa upana, inakutibu kwa kukupa safu nyingine ili msikae watatu watatu. Wapange watatu nyuma kwenye hachibaki, wafunge mikanda, watulie dakika tano. Angalia yule wa kati, anakalia kinundu? Miguu yake imekanyaga kile kimlima cha katikati ya sakafu? Anaweza kufunga mkanda wake bila kumpapasa mwenzake kiunoni kutafuta kile kitufe? Minivani nyingi sakafu yake ni sawa, wa kati anaweka miguu popote, hilo peke yake ni nafuu kubwa. Halafu kuna zile zenye siti mbili za kujitegemea safu ya kati na njia katikati, unapoteza siti moja, gari ya watu nane inakuwa ya saba, ila mnapata hewa na mtu anapita kwenda nyuma bila kuinua siti. Mimi kama siti ya nane sihitaji kila wiki, naichagua hiyo njia katikati bila kufikiria mara mbili.

Hatua ya 6: Siti yenyewe

Nafasi ikipatikana, siti mbovu inaiharibu yote. Kaa ujisukume nyuma mpaka mgongo uguse, halafu ingiza vidole kati ya ukingo wa siti na ile sehemu ya nyuma ya goti. Vikiingia vitatu vinne ni vizuri. Mkono mzima ukizama basi siti ni fupi, paja linaning'inia, na kwa mtu mrefu hiyo ndo inaleta uchovu ambao wengi wanausingizia barabara. Vidole visipoingia kabisa siti ni ndefu kwako, itakukata damu nyuma ya goti, hii inawapata sana watu wafupi.

Bonyeza sponji kwa ngumi, siti zote, sio ya dereva tu. Gari iliyotumika huwa imekufa upande wa dereva, ule ubavu anaoukwaruza kila akishuka, unabonyea na haurudi. Usidanganywe na kava mpya, kava inaficha sponji iliyokwisha. Na ulaini sio raha, siti laini sana ni tamu dakika kumi, baada ya lisaa kiuno kinazama.

Mkao ndo tofauti kubwa kati ya hizi gari mbili. Kwenye hachibaki unakaa chini, miguu imenyooka mbele, mabawa ya siti yanakushika ubavuni, kona hazikusumbui. Minivani unakaa wima kama kwenye kiti, unaona mbali, mapaja yanaegemea vizuri, kwa mwenye mgongo unaouma wima hivo mara nyingi ni nafuu. Lakini siti zake nyingi ni bapa, na gari yenyewe ni ndefu kwenda juu, kwenye kona mwili unaegemea huku na kule, kuna watu wanachafukwa na roho. Halafu ukumbuke nani anakaa wapi kulinganisha na matairi. Anayekaa katikati ya matairi ya mbele na ya nyuma ndo anarushwa kidogo kuliko wote, na huyo ni wa safu ya kati ya minivani, kwa maoni yangu hakuna siti nzuri ya abiria kuliko ile kwenye hizi gari mbili. Wa safu ya tatu yuko juu ya ekseli au nyuma yake, kila tuta analihisi yeye zaidi. Wa nyuma kwenye hachibaki naye yuko karibu na matairi ya nyuma, sema kwa sababu gari ni ya chini hayumbi sana.

Jaribu pia kulaza mgongo wa siti ya nyuma. Hachibaki nyingi haulali, upo vile vile ulivyotoka kiwandani, mtoto akisinzia kichwa kinaanguka kifuani. Minivani karibu zote safu ya kati inalala.

Hatua ya 7: Kuingia na kushuka

Mama yangu magoti yake hayako sawa, na yeye ndo alinifundisha hatua hii. Kwenye hachibaki ya chini alikuwa anajiachia anadondoka kwenye siti, kushuka sasa ndo kazi, anashika fremu ya mlango kwa mikono miwili, anahesabu, ndo anainuka. Tukampeleka kwenye minivani ndefu, nayo ngazi ilikuwa juu na kishikio kiko mbali, akainua mguu mmoja akabaki hapo hapo ananitazama. Iliyomfaa ni ile yenye sakafu ya chini na siti iliyo usawa wa makalio yake akiwa amesimama, aligeuka tu, akakaa ubavu, akaingiza miguu mmoja mmoja, akaniambia "mwanangu, hii hata bila wewe napanda." Kwa hiyo mwambie mzee wako asimame pembeni ya mlango, angalia siti iko wapi kwenye mwili wake, ikiwa chini sana atadondoka, ikiwa juu sana atapanda kama ngazi.

Mlango wa kuslaidi ni msaada mkubwa mkiegesha sehemu iliyobana, watoto hawagongi gari ya jirani. Ufungue na kuufunga mwenyewe, na mtoto naye aujaribu, mwingine ni mzito hasa gari ikiwa kwenye mteremko. Halafu funga kiti cha mtoto safu ya kati ndo ujaribu kwenda safu ya tatu. Minivani nyingi siti ya kati lazima iinamishwe ili upite, na ikiwa na kiti cha mtoto juu haiinamishiki, ukijikuta inabidi kukifungua kila mtu wa nyuma akishuka, utachoka wiki ya kwanza. Kiti cha mtoto kinachoangalia nyuma nacho kinakula nafasi sana, kwenye hachibaki kinaweza kumsukuma abiria wa mbele mpaka magoti yaguse dashibodi, kwa hiyo kifunge halafu mtu mzima akae mbele yake, usikadirie kwa macho.

Hatua ya 8: Buti, watu wote wakiwa wamekaa

Inua siti zote. Fungua nyuma. Kwenye minivani nyingi fupi unakuta nafasi iliyobaki nyuma ya safu ya tatu ni kama ya kusimamisha mabegi mawili membamba, hachibaki yenye watu watano wamekaa inaizidi! Hii ndo inayowaumiza watu wanaonunua gari ya watu saba wakasafiri saba, mizigo inaishia miguuni.

Zile lita za buti zisome kwa makini. Kuna kipimo cha Kijerumani kinachoitwa VDA wanajaza buti kwa vibloku vya milimita 200 kwa 100 kwa 50, kila kimoja ni lita moja, wanahesabu vilivyoingia. Wamarekani wana utaratibu wao tofauti. Na mwingine kapima mpaka usawa wa dirisha, mwingine mpaka darini. Ukilinganisha lita za gari mbili zilizopimwa tofauti umelinganisha hewa, lile begi lako ulilokuja nalo ndo kipimo.

Angalia na siti zinapotea vipi. Noah safu ya tatu inakunjwa inaning'inia pembeni kushoto na kulia, ni rahisi ila inakula upana. Honda Odyssey inazama sakafuni, buti inabaki safi, na siti zikiwa juu lile shimo linakupa kina cha kusimamisha mabegi, mimi napenda hii zaidi. Chrysler toka gari zao za mwaka 2005 waliweza kuzamisha mpaka safu ya kati, unapata sakafu tupu, ila rudi hatua ya 4, siti ya kuzama haiwi nene. Na usiidharau hachibaki. Honda Fit tenki la mafuta limewekwa chini ya siti za mbele, kwa hiyo siti ya nyuma makalio yake yanainuka kama ya ukumbi wa sinema na unabaki na nafasi ya kusimamisha kitu kirefu kama mche au baiskeli ndogo, kuna minivani haziwezi hiyo.

Hatua ya 9: Endesheni mkiwa wote

Jazeni gari mzunguke kama nusu saa, barabara nzuri na mbaya. Dereva aongee sauti ya kawaida, wa mwisho nyuma amsikie bila kuinamia mbele. Katikati ya safari simameni mbadilishane, dereva aende nyuma kabisa, wa nyuma aje mbele. Mkirudi muulize kwanza yule aliyekaa sehemu mbaya kuliko wote, kabla hajasikia wengine wanasema nini, kisha ndo uulize wengine.

Mimi navyoamua ni hivi: watu wa kila siku wakiwa wanne au chini, na ile ngumi ya hatua ya 3 imepita, nachukua hachibaki na hizo safari mbili za mwaka nakodi gari kubwa. Wakiwa watano wenye miili ya watu wazima, au viti vya watoto viwili na mtu mzima anatakiwa akae kati yao, minivani, hata kama safu ya tatu itabaki imekunjwa muda mwingi. Wakiwa sita au saba kila siku, basi minivani ndefu, na ukifika pale anza kwa kukaa safu ya tatu kabla hujaishika hata stelingi, ikikushinda dakika 20 toka uangalie nyingine.